Benchi la Nyumbani

Sitaanza na alikozaliwa wala na ukoo wake. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe kila asubuhi, mlangoni pa zahanati yetu kule juu ya Soni, huku wagonjwa wamesimama kwenye ukungu na kanga zimewafunika mpaka puani. Babu yake alibeba sanduku la dawa la daktari Mjerumani. Baba yake alifunga watu vidonda wakati wa Mwingereza. Yeye akarithi kiti. Tuliyajua hayo kwa moyo kama watoto wanavyojua jedwali la kuzidisha, na hayakumponya mtu hata kuhara.

Tulimwita Bwana Mganga, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: sikumpenda. Mama yangu alikufa akitibiwa pumu, na hakuwa na pumu. Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu huyu, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alikosea. Kama nilikipata au sikukipata, nitalifikia.

Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Kipimo cha kusikilizia kifua hakikutoka shingoni. Siku za soko alishuka nacho Soni kununua kabichi, na ukimkuta kwenye mafungu ya karoti alikigusa kidogo kwa vidole unapomwamkia, kama vile alitaka nacho kiwe shahidi wa shikamoo yako. Chai aliinywa kwenye kikombe cha bati kilichokuwa cha baba yake. Kilikuwa kimebanduka rangi yote mdomoni, na mimi nilikuwa na hakika kwamba kile kikombe kilikuwa na wadudu wengi kuliko chumba kizima cha wagonjwa.

Mgonjwa akiingia kwake hakuulizwa anaumwa nini. Aliulizwa, "Wewe ni wa nani?"

Swali hilo kwetu milimani si la ajabu. Kila mzee utakayekutana naye njiani atakuuliza, na ukimtajia nyumba yenu atakutajia mashangazi ambao hata wewe huwajui. Lakini mzee wa njiani hakupi dawa. Bwana Mganga alikuwa akisikia jibu anatikisa kichwa, anafungua daftari kubwa lenye jalada gumu, na ugonjwa wako ulikuwa umeshaanza kuandikwa wewe hujafungua mdomo.

Nje palikuwa na mabenchi mawili. Moja lilikuwa chini ya paa, ubavuni mwa mlango, la mbao za mkangazi, limelainika kwa makalio ya miaka. Hilo liliitwa benchi la nyumbani. Waliokaa hapo ni ndugu zake, wakwe zake, wakwe wa wakwe zake, na yeyote aliyewahi kucheza naye utotoni. Benchi la pili lilikuwa nje ya matone ya paa, na mvua ya vuli ilijua pa kulikuta. Hakuna aliyeandika wapi ukae. Ulijua mwenyewe, na kama hukujua, mkewe alikuonyesha kwa kidevu.

Mkewe ndiye aliyekuwa mkunga. Aliyeandika kadi alikuwa shemeji wa kike. Kwenye dirisha la dawa alikaa mpwa wake, kijana mnene mwenye sauti ya kukata tamaa, ambaye kwa miaka yote niliyomjua aliweza kusoma mwandiko wa mtu mmoja duniani, yaani wa mjomba wake. Ukienda hospitali kubwa ukarudi na cheti cha daktari mwingine, aliigeuza karatasi juu chini, akavuta pumzi, akasema, "Mpelekee mjomba ainakili." Ukarudi kwenye foleni. Mjomba akanakili, na wakati wa kunakili akabadilisha kidogo, kwa sababu huyo daktari mwingine hakujua nyumba yenu.

Kwenye maabara ya hospitali kubwa alikuwako kaka wa mkewe. Hivyo ukipanda gari kwenda kupimwa ulikuwa hujatoka nje ya ukoo ule, umebadilisha chumba tu.

Watu hupenda kusema wenye vyeo wote wanakula rushwa. Bwana Mganga hakula. Mama mmoja alimletea jogoo baada ya kujifungua salama, akambeba jogoo huyo mwenyewe mpaka kwa mama yule, kilomita nne za mteremko, akamkabidhi mumewe. Walimsifu sana kwa hilo. Mimi nasema hakuwa na haja ya rushwa. Upendeleo wake aliutoa bure, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya maskini kuununua.

Kuna jambo lake moja zuri, na nalo nitalisema japo linanichoma. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Mwalimu wetu wa hesabu alikwenda kwake siku moja na mafua. Bwana Mganga akamtazama, akamwambia, "Baba yako alianguka jikoni akiwa na umri huu huu. Kaa, nikupime presha." Presha ilikuwa juu kiasi kwamba alimpandisha gari siku ile ile, na mwalimu yule aliishi akatufundisha mpaka akastaafu. Bwana Mganga hakuhitaji daftari siku hiyo. Alikuwa sahihi, tena sahihi kabisa, na nadhani hapo ndipo alipoharibika. Mtu akipatia namna hiyo mara tatu nne mbele za watu, siku ya tano hawezi tena kusikia.

"Ugonjwa hauji," alikuwa akisema, akipiga daftari kwa kiganja. "Ugonjwa upo nyumbani kwenu, unakusubiri ukue."

Daftari lile lilianzwa na baba yake. Kila nyumba ya bonde letu ilikuwa na ukurasa wake: nyumba hii kisukari, nyumba ile tezi shingoni, nyumba ya kule juu kifafa. Nyumba aliyokulia mama yangu ilikuwa imeandikwa pumu, na kweli, wanaume wa nyumba ile walikuwa wakipumua kwa mluzi tangu zamani. Baba yao alikuwa na pumu. Wanawe wawili walikuwa nayo.

Lakini mama hakuzaliwa nyumba ile. Alizaliwa kijiji cha Mgwashi. Baba yake alikufa mapema, bibi akaolewa tena huku kwetu, akaja na mama mgongoni. Yule mzee wa pumu alimlea kama binti yake, akamsomesha mpaka darasa la saba, akamwoza, akapokea mahari yake. Watu wakamwita kwa jina la mzee huyo, na kwetu mtu akishakulea hivyo hutamki tena neno kambo. Ni tusi. Hata sisi wajukuu tulilijua hilo kwa kunong'onezwa.

Mama alianza kukohoa mwaka nilioingia kidato cha pili. Alikuwa akilima karoti na hoho na kuzishusha Soni siku za soko. Baba alikuwa kwenye kazi ya mbao Magamba na alirudi Jumamosi. Kwanza tulidhani ni baridi. Kisha akaanza kulowa jasho hata asubuhi ya ukungu, na gauni lake la kanisani likawa linamzunguka. Nilikwenda naye kwa Bwana Mganga. Tulikaa benchi la nje.

"Wewe ni wa nani?" akamuuliza, ingawa alimjua.

Mama akataja nyumba. Bwana Mganga akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaweka kidole. "Pumu. Imechelewa kutoka tu. Kaka zako iliwatoka wakiwa wadogo."

Mama alikuwa mtu wa aibu. Nilimwona akiutazama mlango kama umefungwa. Akasema polepole, "Bwana Mganga, lakini mimi, kwa damu, si wa..."

"Mame," alimkatiza, akimwita mama kwa lugha ya kwetu, na akaondoa miwani. "Yule mzee alitoa jasho lake kukulea. Leo amelala kaburini unamkana mbele yangu?"

Basi. Sijawahi kuona mtu anafungwa mdomo kwa adabu namna ile. Akapewa vidonge vya pumu na mpwa kwenye dirisha, akashukuru, tukapanda kilima nyumbani, tukisimama kila baada ya migomba mitano ili apumue.

Miezi ilipita. Zahanati ilikuwa imeletewa nesi mgeni kutoka Iringa, dada mrefu asiyekuwa ndugu wa mtu yeyote pale, na kwa sababu hiyo hakupewa hata kiti. Yeye ndiye aliyemwona mama akitema kwenye kitambaa, akamwendea Bwana Mganga, akamwambia apimwe makohozi. Tulisikia kelele kutoka nje. Mwisho alikubali, kwa hasira, akaandika barua, akaniita mimi. Mama hakuweza tena kukaa kwenye gari. Nilipewa kikopo chenye makohozi yake na bahasha, nikaambiwa niende hospitali kubwa nimpe shemeji wake wa maabara.

Bahasha haikufungwa. Niliisoma garini, maana habari za mama yangu zilikuwa humo. Ilisema: "Shemeji, salamu. Huyu ni wa pumu, nyumba unaijua. Kuna mtu hapa ananisumbua. Angalia, kisha nijulishe. Watoto hawajambo."

Shemeji alikuwa mtu mwema. Aliniamkua vizuri, akaniuliza kama njia ina tope. Akasoma barua akacheka kidogo, akakiweka kikopo kwenye rafu ya dirisha, akachukua kalamu, akaandika. Nilikuwa bado nimesimama. Muuza chai aliyekuwa ukumbini hajamaliza kunimiminia kikombe, jibu likawa mkononi mwangu. "Kama ulivyosema," lilianza, na likaendelea na habari za harusi fulani ya Lushoto.

Nilifurahi. Nisidanganye, nilifurahi njia nzima. Nilidhani ule wepesi ni utaalamu.

Mama alikufa kabla ya mvua za masika. Mdogo wetu wa mwisho, Rehema, ambaye alikuwa akilala naye kitanda kimoja, alimfuata baada ya mwaka. Yeye aliandikiwa pumu pia, ukurasa ule ule. Nesi mgeni alikuwa ameshahamishwa. Siku ya kuondoka alinikuta njiani na sanduku lake, akaniambia, "Usome, mdogo wangu. Soma maabara." Sikumwelewa kwa nini maabara.

Nilimwelewa miaka mitano baadaye, siku tuliyofundishwa chuoni kupima makohozi. Unayapaka kwenye kioo, unayaacha yakauke, unapitisha kioo juu ya moto. Unamwaga rangi, unaipasha, unasubiri, unaosha, unamwaga nyingine, unasubiri tena. Ndipo unainama kwenye darubini, unatafuta eneo baada ya eneo. Mwalimu alikuwa akieleza hatua ya tatu nilipoanza kuhesabu kwenye kichwa changu muda wa kumimina kikombe kimoja cha chai.

Hakuna aliyemwangalia mama yangu. Waliangaliana wao kwa wao, wakaridhika.

Alipostaafu walimfanyia sherehe uwanjani pa zahanati, na mimi nilikwenda, nikiwa tayari nimeajiriwa. Nilikwenda kwa sababu moja. Mpwa wa dirisha la dawa alisoma risala iliyoitwa Historia ya Tiba katika Bonde Letu. Ilikuwa kurasa nyingi. Sanduku la Mjerumani lilikuwemo, vidonda vya Mwingereza vilikuwemo, mke, shemeji, mpwa mwenyewe, binti aliyekuwa akisomea udaktari, mkwe aliyekuwa tayari daktari. Tulisimama juani mpaka makande yakapoa. Nilisikiliza kwa makini sana na sikumsikia mgonjwa hata mmoja. Ungedhani tiba ya bonde letu ni shughuli waliyofanyiana ndugu, na sisi wengine tulikuwa tumesogea tu kuchungulia.

Baada ya kula nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia mama yangu hakuwa na pumu, alikuwa na kifua kikuu, na kikopo chake hakikupimwa.

Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya kumfariji mfiwa. "Mwanangu, tulifanya kila kitu. Hata hospitali kubwa walithibitisha." Akanishika bega, akageuka kupokea zawadi ya blanketi. Na ubaya wake ni kwamba hakuwa anasema uongo. Aliamini. Kwake watu watatu wa ukoo mmoja wakisema neno moja, hao walikuwa mashahidi watatu.

Sikumwona tena miaka kumi na zaidi. Mwaka jana, wakati wa mavuno ya plamu, nilikuwa kwenye dirisha la maabara ya kituo cha afya ninachofanyia kazi, na mkono ukaingiza karatasi ya kupimwa. Ulikuwa mkono mwembamba, msafi, kucha zimekatwa vizuri. Nilijua kabla sijainua macho.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi mara mbili. Alivaa koti la kijivu, lile la siku ya sherehe yake ya kustaafu, ila sasa lingemtosha yeye na mtu mwingine ndani. "Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia nyumba ya mama. Hakushtuka. Alitabasamu kwa furaha ya kukumbuka. "Ah! Wale wa pumu."

Nikampa kikopo.

Alinieleza, akiwa ameegemea dirisha, kwamba amekohoa tangu mwaka ulipoanza. Mkwe wake daktari alimtibu kwa simu kutoka Dar es Salaam. Binti yake alimtumia dawa kwa basi. Mpwa wake, ambaye sasa ana duka la dawa, alimwongezea nyingine. Wote walikubaliana ni kikohozi cha uzee na baridi. Aliyemleta kwangu ni mganga kijana wa kituo chetu, mtu wa Singida, asiyejua nyumba ya mtu yeyote, aliyemwona akipita njiani akamwita.

Nilimpima kama nilivyofundishwa. Nilipaka, nikakausha, nikamwaga rangi, nikasubiri. Kuna sauti iliyoniambia niandike chochote. Niliisikia vizuri, ilikuwa sauti yangu. Nikainama kwenye darubini, nikatafuta eneo baada ya eneo, na wadudu wa kifua kikuu walikuwepo, vijiti vyekundu, wengi, wamejipanga kama walivyochorwa kitabuni. Niliinua kichwa nikabaki nimekaa. Nilitegemea nitafurahi. Nilijisikia kuchoka.

Nilimwita ndani, nikafunga mlango, nikamwambia.

Akasogeza kiti karibu na meza, akashusha sauti. "Mwanangu. Kwetu hakuna ugonjwa huo."

"Sasa upo, Bwana Mganga."

"Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao. Wakwe ni watu wa kuangalia mambo." Akaigusa rejista kwa kidole, kidole kilekile. "Wewe ni mtaalamu, unaelewa. Mimi nitakunywa dawa kimyakimya, nakuapia. Hapa andika pumu."

Nilimdharau wakati ule kuliko siku zote. Nikaandika kifua kikuu, herufi moja moja, ili asome hata herufi zikiwa juu chini upande wake.

Dada wa kliniki ya kifua kikuu alikuwa likizo, kwa hiyo kazi iliyofuata ilikuwa yangu. Mgonjwa akipatikana huandikwa watu wote anaoishi nao, wapimwe, na watoto wadogo wapewe dawa ya kinga. Nikafungua ukurasa mpya.

"Nitajie unaolala nao nyumba moja."

Huyu mtu aliyetutajia ukoo wake kila asubuhi kwa miaka ishirini na zaidi sasa alitazama magoti yake. Kisha akaanza, kwa sauti ya kunong'ona. Mkewe. Binti wa mwisho. Yule anayeolewa. Mvulana wa mpwa, anayesoma hapo karibu. Kitoto cha huyo binti wa mwisho, cha miaka miwili.

"Kinalala na nani?"

"Na mimi. Kinapenda kulala na mimi."

Nilimwambia arudie jina la kitoto hicho, nisije nikalikosea. Akalirudia. Nikaliandika, nikaweka alama ubavuni kwamba kiletwe kesho asubuhi na mapema.

Alikuwa akiifuata kalamu kwa macho. Ilipofika mwisho wa jina, akauliza bila kunitazama, "Ninyi watoto mlikuwa wangapi pale nyumbani, mama yako alipoumwa?"

"Wanne."

"Na mmebaki?"

"Watatu."

Akatikisa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akitikisa zamani mtu akimtajia nyumba yake. Nilisubiri. Nilisubiri kwa muda ambao kioo kimoja kingeweza kukauka. Midomo yake ilicheza kidogo, nikasogea, halafu kikohozi kikamshika, na kilipomwachia alikuwa anatafuta leso.

Nikampa karatasi laini na barakoa, nikachukua kalamu.

"Tuendelee," nikamwambia. "Nani mwingine analala humo?"